Senje, Soma Kutoka Kulia

Senje mpendwa,

Leo asubuhi nimekucheka kazini, mgonjwa akiwa kitini. Nisamehe. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu aliketi kwenye kiti cha kupimia macho pale kliniki Kilimani, na kabla sijamaliza kumfunika jicho moja akaanza kuisoma chati ya ukutani, mstari wa juu hadi wa chini, mbio mbio kama mtoto anayekariri aya mbele ya mwalimu wa Jumapili. Hakuwa hata anaitazama chati. Alikuwa ananitazama mimi. Nikajua papo hapo kwamba ameketi nje kwenye benchi saa nzima, mlango ukiwa wazi, akisikiliza wenzake wakisoma. Nikatoka kwa kisingizio cha kutafuta pamba, nikasimama kwenye korido na kucheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Ni wewe uliyekuwa umeketi pale, Senje. Wewe kabisa, ila ndevu tu.

Kwa hiyo nakuandikia. Najua hutanijibu, na kwa mara ya kwanza maishani nitamaliza ninachosema bila wewe kunikatiza. Barua naiacha wazi wengine waisome, kwa sababu kisa hiki ulikitangaza mwenyewe mbele ya kanisa zima na hukuwahi kunikataza kukirudia. Wasiokufahamu wajue tu kwamba kwetu Senje ni dada ya baba. Baba yangu alipofariki nikiwa darasa la nne, ulinichukua kutoka Vihiga ukanileta mjini kwako Kangemi, ukaniambia mambo mawili: hapa hatulali njaa, na hapa hatuingilii mkubwa akiongea. La kwanza ulilitimiza kila siku. La pili ndilo nililokuja kulivunja, na sijutii.

Chumba chako cha kazi kilikuwa River Road, katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, juu ya mashine za kuchapa kadi za harusi. Sakafu ilitetemeka kutwa nzima, na chai ndani ya kikombe ilikuwa na mawimbi yake madogo. Ulishona majoho ya kwaya na sare za akina mama wa kanisa, na jengo zima lilikuita Mama Joho. Jicho lako la kulia lilikufa ukiwa msichana, mwiba ulipokuchoma ukivunja kuni, kwa hiyo kazi yote ile uliifanya kwa jicho la kushoto peke yake. Nilipenda kukutazama ukitia uzi kwenye sindano huku ukibishana na mteja. Hukuwa unakosa tundu. Wala hukuwa unakosa neno la kumjibu mteja.

Nilipomaliza chuo na kupata kazi ya kupiga picha za ndani ya macho, uliwaambia watu wa ghorofa zote kwamba nimefungua studio.

"Ni studio ya macho," ulimwambia yule kijana mchapishaji wa chini. "Mtu anaingia, anakaa, hacheki, anapigwa picha."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu. Lakini haukuwa mbali na ukweli, na hadi leo wafanyakazi wenzangu wanakiita chumba changu studio.

Kisha jicho lako la kushoto likawa jekundu. Ulisema ni vumbi la kitambaa. Siku ya pili ulisema ni usingizi. Siku ya tatu nilikukuta umefunga pazia mchana kweupe, umevaa miwani ya jua yenye fremu nyekundu uliyoipata barabarani, unashona kwa kupapasa. Ulifanana na msanii aliyepotea njia akienda jukwaani. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu nilijua maana ya jicho jekundu linalouma na kuchukia mwanga. Na nilijua kuwa huna jingine la akiba. Nikaita gari kwenye simu, nikakupeleka Kilimani ukilalamika njia nzima kwamba majoho ya kwaya ya kanisa la Karen hayajashonwa kola.

Unakumbuka ulivyoweka kidevu chako kwenye mashine yangu mara ya kwanza? Nilikwambia utulie. Picha ya kwanza ikatoka ukungu, ya pili ukungu, ya tatu ukungu. Nikachungulia nikaona midomo yako inacheza.

"Senje, usitikise kidevu."

"Sitikisi. Naombea hii mashini."

"Ombea kimoyomoyo."

"Sasa Mungu atasikia aje na hii kelele yote?"

Ulipomaliza kuomba nikaipata picha. Nilitumia mashine mbili siku ile, na kwa vile ulipenda sana kuwaeleza watu zinavyofanya kazi, acha niwaeleze na hawa wasomaji kwa maneno yako. Ya kwanza hupitisha mwale mwembamba wa leza ndani ya maji yaliyo mbele ya jicho. Jicho likiwa zima, maji yale ni safi na mwanga hupita hivi hivi. Likiwa na uvimbe ndani, maji hujaa chembe, mwanga huzigonga na kutawanyika, na mashine huupima ule mtawanyiko na kutoa namba. Nilikukumbusha jua linavyopenya kwenye tundu la bati pale nyumbani, na vumbi linavyoonekana likicheza ndani ya ule mwale.

"Kumbe unapima vumbi," ukasema.

Ndiyo Senje, kazi yangu ni kupima vumbi. Mashine ya pili hupiga picha ya ukuta wa nyuma wa jicho, na kuuonyesha tabaka kwa tabaka kama kitambaa kilichokatwa ukatazama ukingo wake. Siku ile maji ya mbele yalikuwa na vumbi tele, lakini ukuta wa nyuma ulikuwa bado umelala sawa. Nilishusha pumzi.

Daktari Wairimu alikueleza taratibu, unajua alivyo, mama asiye na haraka hata benchi likijaa. Alisema walinzi wa mwili wako wameingia ndani ya jicho wakaanza kupigana bila adui. Dawa ya matone kila saa, kisha kila baada ya saa mbili, kisha ipunguzwe polepole kwa majuma mengi. Usiache ghafla hata ukijisikia vizuri, alisema. Alisema mara tatu. Ya tatu alikugusa goti.

Matone yalifanya kazi vizuri mno. Baada ya majuma mawili wekundu ulikwisha, maumivu yakaisha, ukaitupa ile miwani nyekundu. Na Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, nikaona unainuka kutoka safu ya nne ukivuta leso yako kichwani vizuri.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi nilikuwa naenda kuwa kipofu. Jicho moja tu ndio niko nayo, mnajua. Leo nasimama hapa, nimepona kabisa!"

Vigelegele vilipasua bati. Ngoma ikaanza kabla hujaketi. Mimi nami nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto, sitakataa. Nilikuona ukicheza kwenye njia ya katikati, mama wa miaka sitini na kitu, mabega yakitetemeka kama ya msichana, na nikafikiri, acha kwanza afurahi, dawa tutaendelea nayo nyumbani.

Hatukuendelea. Jumatatu uliifunga ile chupa na kuitia kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, na mimi niliyekuwa narudi nyumbani jioni nilikuuliza, "Umeweka dawa, Senje?" nawe ukanijibu, "Macho iko sawa." Hukunidanganya. Hukujibu tu nilichouliza, na mimi mjinga sikusikiliza.

Baadaye uliniambia sababu, na sijawahi kukutana na sababu kama hiyo kwenye vitabu vya chuo. Ulikuwa umeshashuhudia. Mtu aliyeshuhudia kwamba amepona akionekana anaweka dawa, watu watasema nini? Watasema ulidanganya, au watasema Mungu aliiacha kazi katikati. Wewe ungeweza kuvumilia la kwanza. La pili hukuweza.

Ukungu ulirudi polepole. Hakukuwa na wekundu safari hii, wala maumivu, kwa hiyo mimi sikuona kitu. Waliouona ni kwaya ya Karen. Ulipeleka majoho, na Jumapili yake wakanitumia picha kwenye simu wakiwa wamesimama mbele ya kanisa lao lenye bustani. Waimbaji wa safu ya mbele wote kola zimeinamia kushoto, kana kwamba upepo unavuma upande mmoja. Nikakuonyesha. Ukaiweka simu karibu na pua, ukatazama muda mrefu.

"Ni hao wamesimama vibaya," ukasema.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika ulikuja bila ubishi, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka. Ulivaa gauni lako la bluu la harusi za watu. Mgonjwa aliyekuwa mbele yako alichelewa ndani, ukaketi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba magotini, macho umefumba kama unayeomba. Kumbe ulikuwa darasani, ukimsikiliza akisoma chati. Ulipoitwa, ukasoma chati yote, na mstari wa chini kabisa ukausoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la harusi. Muuguzi alifurahi akaja kuniambia, "Shangazi yako ako na macho ya mwewe!" Nami nikafurahi. Nilikuwekea dawa ya kupanua mboni huku nikiimba.

Halafu ukaweka kidevu kwenye mashine.

"Senje, unaona msalaba mdogo wa kijani? Utazame huo."

"Naona vizuri sana."

Lakini kwenye skrini niliona jicho lako likitangatanga, likienda juu, likienda kando, likitafuta. Kisha picha ikatokea. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefura katikati. Pale penye kuonea kabisa, pale panaposoma Biblia na kutia uzi kwenye sindano, palikuwa na vifuko vyeusi vya maji. Nikaikimbilia mashine ya kwanza, na namba ya vumbi ilikuwa imepanda tena. Nikaiweka picha ya zamani kando ya mpya. Nilikuwa naangalia jicho lako la mwisho likizama, na mwenye jicho ananiambia kwa sauti ya furaha, "Imetoka poa?"

Kazini kwetu mpiga picha hasemi majibu. Majibu ni ya daktari. Na nyumbani kwako mdogo hamwaibishi mkubwa. Nilisimama pale kati ya sheria mbili, na ndipo nilipokumbuka muuguzi na macho ya mwewe, na hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nikakushika mkono, nikakurudisha kwenye chumba cha chati, nikafunga mlango.

"Senje, soma mstari wa tatu."

Ukausoma, na dawa ya mboni, inayotia ukungu hata jicho zima, ikiwa ndani ya jicho.

"Sasa usome kutoka kulia kwenda kushoto."

Ukaukodolea macho ukuta. Nilisikia mtu akikohoa kwenye benchi la nje, na simu ya mtu ikilia.

"Herufi ya kwanza kulia, Senje. Moja tu."

"Wewe msichana," ukasema pole pole, "unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

"Hakuna watu. Ni mimi na wewe."

"Nilishasema mbele ya kanisa. Nikirudi kwa dawa, Mungu ataonekana aje?"

"Na ukipofuka ataonekana aje?"

Nilipiga kelele, Senje. Nilikupigia kelele wewe, uliyenivua viatu nikisinzia juu ya daftari. Muuguzi alifungua mlango akaufunga tena haraka. Nilidhani utanizaba kofi, na kusema kweli ningelipokea. Badala yake ulitafuta kiti kwa mkono, ukakikosa, ukakitafuta tena. Hapo nikajua kumbe huoni hata kiti, na hasira yangu yote ikaniishia. Nikapiga magoti nikakukalisha.

Daktari Wairimu hakukugombeza. Aliigeuza skrini kukuelekea, akaziweka picha mbili, ya kwanza na ya siku ile, akazikuza kadiri zilivyoweza. Ukasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Ukaangalia kwa pembe ya jicho, kwa sababu katikati hapakuwa na kitu tena. Mimi nilikuwa nasubiri maneno ya kujitetea.

"Hii ni lining, ile kitambaa ya ndani," ukasema. "Imeachana na kitambaa ya juu. Maji imeingia hapa katikati, imefura."

Daktari alinitazama, kisha akakutazama wewe. "Mama, nimewaeleza watu hii kitu miaka mingi na sijawahi kuisema vizuri hivyo."

"Na inarudi?"

"Tukiiwahi, inakauka na kulala chini. Tukichelewa, inabaki na alama, na hapo hakuna dawa."

"Tumechelewa?"

"Sijui, mama. Tuanze leo, tupime, tuone."

Ulipenda sana jibu lile la sijui. Ulinieleza baadaye kwamba ndilo lililokufanya umwamini. Ukachomwa sindano kando ya jicho siku ile ile bila kulia, ukapewa vidonge na matone upya, na kabla ya kutoka ukauliza kama studio yetu inatoa picha ya kwenda nayo nyumbani. Nikakuchapia zote mbili kwenye karatasi moja.

Ile wiki iliyofuata jengo lote la River Road liligeuka wodi. Ulimwambia yule mchapishaji kijana kwamba ukisahau dawa atashonewa suruali bila mifuko. Kila saa ikigonga, mashine za kadi zilinyamaza kidogo na sauti ya kijana ikapanda kutoka chini, "Niaje Mama Joho! Saa ya dawa!" Na wewe juu unajibu, "Nimeweka!" Na yeye, "Uko shua?" Na wewe, "Kuja uone!" Na kweli siku moja alipanda kuja kuona, mikono imejaa wino, ukamfukuza asiguse majoho.

Kisha Jumapili. Sikujua mpango wako. Ukainuka kutoka safu ya nne na bahasha mkononi. Ulitembea ukishika migongo ya viti, kwa sababu bado ulikuwa huoni katikati, na watu wakaanza kupiga makofi wakidhani unaleta ushuhuda mwingine wa kushangilia. Ukawanyamazisha kwa kiganja.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mnakumbuka nilisimama hapa nikasema nimepona. Sikuwa nimepona. Nilikuwa nimeanza kupona, nikakimbia kuwaambia. Halafu nikaacha dawa, ndio nisionekane muongo. Mungu hakudanganya mtu hapa. Ni mimi nilimkatiza akiongea."

Hakuna aliyesema amina. Nilikuwa natamani sakafu inimeze kwa niaba yako. Wewe ukafungua bahasha.

"Hii ni ndani ya macho yangu. Msiogope. Huku ni ile ya kwanza, imelala vizuri kama shuka. Huku ni baada ya mimi kuacha dawa. Mnaona imefura? Huyu mtoto wa kaka yangu aliipata na mashini yake. Mimi nilikuwa nimeweka herufi zote kwa kichwa, nikadanganya muuguzi, nikadanganya daktari. Mashini nikashindwa kuidanganya. Nilijaribu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kwa bahati mbaya. Kisha mwingine. Kisha kanisa zima likacheka, na wewe ukacheka nao, ukishika mimbari usianguke. Picha ya jicho lako ikapita kutoka mkono hadi mkono, safu kwa safu, wazee wakiigeuza juu chini na kutikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Mchungaji alikuja mbele akifuta macho, akasema kuanzia siku ile shuhuda za afya zije na picha.

Lakini lile ninalolikumbuka kwa furaha kubwa lilitokea nje, baada ya ibada. Mama mkuu wa wapokea wageni alikuvuta kando ya ukuta, akakunong'oneza kwamba ameacha vidonge vya presha tangu alipoombewa. Nyuma yake alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ugonjwa wa sukari. Nyuma ya mzee, mama mwingine, akinitazama mimi kwa aibu, akaniuliza kama kliniki hufunguliwa Jumatatu. Walijipanga foleni, Senje! Ulisimama pale na gauni lako la bluu ukiwasikiliza mmoja mmoja, na kila mmoja ulimwambia neno lile lile: "Rudi kwa dawa. Mungu hatakasirika."

Mwezi wa kwanza vile vifuko vya maji vilipungua nusu. Nilikuonyesha, ukasema, "Inakauka." Mwezi wa pili vikabaki viwili vidogo. Mwezi wa tatu niliibonyeza mashine nikiwa nimefumba macho yangu mwenyewe, nikayafumbua moja moja, na ukuta ulikuwa umelala. Tabaka kwa tabaka, mstari mmoja mtulivu, hakuna tone. Namba ya vumbi ilikuwa imeshuka hadi chini. Nilikimbia hadi kwa Daktari Wairimu bila kubisha hodi. Akatazama, akainuka, na yule mama asiye na haraka akaanza kucheza pale pale na stetoskopu shingoni. Wewe ukatusikia kutoka ndani ukauliza kuna nini. Hatukukujibu. Tulikuja tukacheza mbele yako ukiwa bado umeweka kidevu chako kwenye mashine, na wagonjwa wa benchi wakatupigia makofi bila kujua sababu.

Kola za kwaya ya Karen ulizishona upya, zote, na uliwapelekea mwenyewe. Uliwaambia mbele ya mwalimu wao kwamba hawakuwa wamesimama vibaya.

Ulipata miaka mingine minne ya kuona. Nasema minne kwa sababu niliiishi nawe, siku kwa siku, na kila miezi michache uliweka kidevu pale na kuniuliza habari za vumbi. Mara moja likarudi kidogo, nikaliona kabla wewe hujalihisi, daktari akaongeza matone, likaondoka. Hukubishana wala hukukariri chochote. Kisha alasiri moja ulilala baada ya chakula na hukuamka, moyo wako ulikuwa umechoka, na daktari alisema hukuhisi kitu. Nililia kama mtoto. Bado nalia, hasa siku za kwaya. Lakini wanaonipa pole huniambia, "Jikaze, uko sawa?" nami huwajibu bila aibu kwamba siko sawa, nina huzuni, asante kwa kuuliza. Wanashtuka. Kisha wengi wao huketi, na kuanza kuniambia yao.

Basi leo, baada ya kucheka, nilirudi ndani kwa yule mzee wa koti la kijivu. Nikamwambia, "Mzee, nilikuwa na shangazi fundi wa kushona." Nikamweleza kisa chako chote. Akacheka hadi koti likafunguka. Kisha akasema, "Binti yangu, sioni hata ile chati iko ukuta gani." Nikampiga picha. Kuna maji, lakini si mengi. Ameanza dawa mchana huu, na Daktari Wairimu amemwambia sijui, tupime, tuone. Nina furaha kubwa, Senje, furaha inayonifanya nitake kupiga simu kwako, na mkono ukaenda hadi kwenye simu kabla sijakumbuka.

Nakwambia la mwisho, halafu nikuache upumzike. Wiki ile ya mwisho nilitoka kazini nikaingia nyumbani, wewe umeketi upande wa pili wa sebule, na hata salamu sikuwa nimetoa. Ukasema, "Hiyo kifungo ya pili inataka kuanguka." Sikuwa nimekiona mimi mwenye macho mawili. Ukachukua sindano, ukatia uzi mara moja tu, huku unaniuliza kama nimekula. Ukanishonea nikiwa nimeivaa blauzi, ukakata uzi kwa meno, kisha ukaniinua kidevu kwa kidole, ukanichunguza uso kwa lile jicho lako moja, pole pole, paji, mashavu, mdomo, kama mtu anayesoma ukurasa anaoupenda.

"Umenenepa kidogo," ukasema. "Naona."

Pumzika vizuri, mama yangu wa pili, na uniachie hapa zamu ya kupima vumbi.

Ni mimi, binti ya kaka yako,
Kageha